Muulize Fundi: Super 8 yangu inatoka na chengachenga, niiuze?

Swali kutoka Wete: Fundi asalaam aleikum. Mie nna kamera ya Super 8, ile ya sinema ya filamu ya milimita 8, aloiwacha marehemu ami yangu, nzima kabisa na inazunguka vizuri, msimu wa karafuu ulopita nikapata katriji za Kodak ile 500T nikawapiga wachumaji wakiwa juu ya mikarafuu na karafuu zikianikwa kwenye majamvi, jua la saa sita. Nikatuma Ulaya kuosha na kuskani, zimerudi punjepunje kila pahala, ukali hakuna, sura za watu huzijui. Kaka yangu ananambia niiuze ninunue ya 16mm. Nifanye hivyo?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiiuze, angalau si sasa hivi. Kaka yako hajakosea kwamba 16mm inatoa picha nzuri zaidi, fremu ya Super 8 ina upana wa milimita 5.8 hivi kwa urefu wa 4 na ya 16mm eneo lake ni mara tatu na kitu, kwa hiyo punje ile ile ukiikuza mpaka ijae skrini, kwenye Super 8 inaonekana kubwa zaidi. Lakini tabu yako wewe imeanzia kwenye filamu ulochagua na jua ulilopigia, na hayo ungeyapeleka kwenye 16mm yangekufata huko huko.

500T ni filamu ya usiku na ya ndani, ASA 500 kwa mwanga wa taa (ASA ni wepesi wa filamu kunasa mwanga, ikiwa kubwa na punje zinakuwa kubwa). Ukiipiga juani na filta ya rangi ya chungwa ilomo ndani ya kamera inakuwa kama ASA 320. Sasa piga hesabu, jua kali, fremu 24 kwa sekunde, kila fremu inapata mwanga kama 1/50 ya sekunde, hapo lenzi inatakiwa ifungwe mpaka karibu f/40 (namba ya f ikikua, tundu la lenzi linakuwa dogo). Lenzi yako haina f/40! Imejifunga mpaka mwisho wake na bado mwanga umeingia wa kumwagika, na juu ya hilo lenzi ikifungwa sana mwanga unapopita kwenye kitundu kidogo unatawanyika, ukali unapotea. Kwenye fremu kubwa hilo hulioni sana ila kwenye fremu ndogo kama hii, ukifika f/11 tu picha ishaanza kulainika na f/16 ndo basi. Sehemu nzuri ya lenzi nyingi za Super 8 ni f/4 mpaka f/5.6, na mie naamini watu wengi wanaozilaumu kamera hizi hawajawahi kuiona lenzi yao ikifanya kazi pale katikati, maana hiyo otomatiki ukiiwachia kwenye jua letu inakimbilia kufunga tu.

Kwa hiyo karafuu za mchana tafuta 50D, ni filamu ya mwanga wa jua, ASA 50, na katika negativu za rangi za Kodak hiyo ndo yenye punje ndogo kuliko zote. Filta ya ndani iondoe, hiyo ni ya filamu za T. Hata 50D juani itakutaka f/16, sasa hapo ndo unaweka mbele ya lenzi filta ya kijivu, ile inayoandikwa ND8, inakata stopu tatu, yaani inapunguza mwanga nusu mara tatu, unarudi f/5.6. Halafu fungua stopu moja zaidi, yaani f/4, kwa sababu negativu ikipata mwanga kidogo zaidi ya kipimo punje zinatulia hasa kwenye vivuli, na chini ya mikarafuu vivuli havikosi, na wachumaji wako wamo mule mule. Lakini hili ni la negativu peke yake, ukija kupiga Ektachrome 100D, ambayo si negativu bali inatoa picha yenyewe moja kwa moja, usithubutu, ile ukiizidishia mwanga weupe unaungua na haurudi.

Kipimo cha mwanga cha ndani usikiamini kabla hujakijaribu, kamera nyingi za zamani zilitumia betri za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena, ukitia ya 1.5 inakudanganya. Tumia kipimo cha mkononi au hata programu ya simu, halafu weka tundu kwa mkono kama kamera yako inaruhusu.

Na fokasi. Kabla ya yote rekebisha kile kijicho cha kuchungulia kwa jicho lako wewe, si la marehemu ami: vuta zumu mpaka mwisho, vuruga fokasi kabisa, kisha zungusha kijicho mpaka alama au chembe za kioo cha ndani zionekane kali. Baada ya hapo kila shoti vuta zumu mpaka mwisho, fokasi usoni kwa mtu, kisha rudi kwenye upana unaoutaka. Na vumbi la karafuu lipo, kila ukibadilisha katriji pangusa kidirisha cha fremu, pale mwanga unapoipiga filamu, kwa brashi laini, unywele mmoja tu utakaa pembeni ya picha katriji zima.

Swali kutoka Nungwi: Fundi mie napiga mafundi wanaounda majahazi, picha kali sina ubaya nayo ila inarukaruka. Kamera mbovu?

Jibu: Waambie wanaoskani wakupe skani pana inayoonesha kingo za fremu na matundu ya pembeni, utajua mwenyewe. Picha ikicheza ndani ya kingo za fremu zilotulia, hiyo ni mikono yako au stendi. Kingo na picha zikicheza pamoja lakini matundu yametulia, ni kamera au katriji. Na vyote pamoja na matundu vikiruka basi kamera yako haina kosa, ni mashine ya kuskani, warejeshee.

Kama ni katriji, ujue Super 8 kinachoibana filamu kwa nyuma ni kibati cha plastiki kilomo ndani ya katriji lenyewe, kwa hiyo ligonge kidogo kiganjani kabla ya kulitia ili filamu ilegee, hakikisha limekaa sawasawa, usikiguse kile kibati, na betri ziwe mpya. Kama ni stendi, pale pwani miguu ikandamize mpaka ishike, tundika mkoba wa mchanga katikati. Ukiwa ndani ya chombo wacha stendi, shika kamera mwilini, zumu kwenye upana wote, na piga fremu 36 kwa sekunde, mtikisiko unalainika, ila katriji litakwisha kwa dakika 1 na sekunde 40 badala ya dakika 2 na nusu.

Swali kutoka Mji Mkongwe: Filamu naiweka wapi na joto hili?

Jibu: Friji, ndani ya kopo lisopitisha hewa, na ukiitoa usilifungue mpaka lipate joto la chumba, masaa kadhaa, la sivyo unyevu unaganda juu ya filamu. Ikishapigwa usiiweke, ipeleke ikaoshwe mapema. Uwanja wa ndege usiitie kwenye begi la mizigo hata siku moja, ibebe mkononi na uwaombe waikague kwa mkono kabla begi halijaingia kwenye mashine, zile mpya za skani za pande zote zinaharibu filamu hata ya ASA ndogo.