Maswali ya Wasomaji: Lori la jeshi limelala chumvini, nianze na injini?

Mwezi huu maswali karibu yote yametoka huku kwetu Malindi na jirani zake, na yote ni ya malori na magari ya jeshi ya zamani. Nimefurahi sana manake haya magari yanazidi kukatwa skrepa na yakiisha ndo yameisha, hakuna kiwanda kitakachoyatengeneza tena. Nimeanza na la Gongoni, ndo refu na ndo linahusu wengi.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu ami yangu alinunua Bedford ya jeshi mnadani zamani, ikabeba chumvi miaka mingi afu ikaharibika ikaachwa nyuma ya nyumba, sasa imezama mchangani mpaka nusu ya tairi. Ni ya petroli, silinda sita, inavuta mbele na nyuma, juu ya paa la kebini kuna mfuniko. Injini imekamata haizunguki kabisa. Jirani ana trekta, anasema tuivute ikiwa kwenye gia mpaka ishtuke. Na mtu wa skrepa naye kila akipita anaulizia bei. Nianzie wapi? (Kijana wa Gongoni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa ami yako. Wa trekta mwambie ahsante lakini asiiguse. Injini ikikaa miaka bila kuzunguka ringi za pistoni zinashikana na silinda kwa kutu, sasa ukivuta kwa nguvu ya trekta ringi zinavunjika, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, na injini iliyokuwa inaokoleka umeimaliza kwa dakika moja.

Kwa maelezo yako hio ni Bedford RL. Jeshi la Uingereza lilianza kuitumia miaka ya 1950 na Bedford MK ikaja kushika nafasi yake miaka ya 1970, injini yake ya petroli ni lita 4.9. Yale magari ya zimamoto ya serikali ya Uingereza yaliyokuwa yanaitwa Green Goddess, mengi yake yamejengwa juu ya RL hii hii. Kwa hivo mtu wa skrepa anaona kilo za chuma, wewe usione kilo.

Sasa pa kuanzia. Watu wote wanakimbilia injini, wanataka kusikia mngurumo, na mimi nawaambia kila siku huku pwani kinachoamua ni chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Injini ya Bedford inatafutika, kule Pakistan Bedford zinabeba mizigo barabarani mpaka leo na vipuri vyake vipo, na Uingereza wako watu wanauza vipuri vya RL tu kazi yao hio. Lakini chesisi ikishaliwa na chumvi hio injini nzuri utaifunga wapi? Na lako limebeba chumvi yenyewe, sio upepo wa bahari tu.

Chimba mchanga pande zote mpaka tairi zionekane zote, weka magogo mazito chini ya chesisi, usiingie chini ya lori lililosimama mchangani bila magogo hata kwa sekunde. Ukishaingia chukua nyundo ndogo ugonge reli za chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma, polepole, usikilize. Chuma kizima kinalia, sauti kali inarudi mkononi. Kilichooza kinajibu du, na magamba yanadondoka yamepangana tabaka juu ya tabaka. Tia bidii pale springi zinaposhikilia, kwenye krosimemba (vyuma vya kukingama vinavyounganisha reli mbili), na kila mahali bamba mbili zimelaliana zikapigwa riveti, hapo katikati ndo chumvi inajificha, kutu inavimba mpaka inatanua mabamba na kukata vichwa vya riveti, na kwa nje unaweza kuona rangi nzima kabisa ukadanganyika. Weka alama ya chaki kila unapopata pabovu. Ukimaliza simama mbali utazame chaki zako: zikiwa huku na huku, fundi mzuri wa welding atakata na kuweka bamba jipya la unene ule ule, lakini kama reli zote mbili zimejaa chaki kuanzia katikati mpaka nyuma, tafuta chesisi nyingine kabla hujanunua hata plagi moja.

Afu osha. Nasema osha kwa maji ya mfereji, haya yanayotoka Baricho, sio ya kisima cha karibu na bahari manake hayo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mimina, piga kwa presha ndani ya kila tundu la reli, acha ikauke, rudia kesho, rudia tena. Watu wanaona ni kazi ya kitoto lakini chumvi iliyobaki inavuta unyevu hewani, ukipaka rangi juu yake kutu inaendelea kula chini kwa chini na mwaka unaofuata rangi inabanduka kama ganda la yai. Rangi yenyewe subiri kaskazi, Januari au Februari, asubuhi umande ukishakauka, wakati wa kusi usijisumbue.

Injini sasa. Toa plagi zote sita, tia kwenye kila silinda mchanganyiko wa oili ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, ukikosa tia dizeli na oili nyepesi, na uache siku nyingi huku unaongezea. Uifanyie nje kwenye hewa, na sigara mbali kabisa. Baadae jaribu kuzungusha kwa mkono kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la injini), kidogo mbele kidogo nyuma, ikisogea hata upana wa kidole umeshinda, usiilazimishe, ongeza mafuta uache tena. Ikigoma kabisa fungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) utazame kwa macho ni silinda gani imeshika. Na hedi ikiwa chini mwambie fundi atie siti ngumu za valvu za ekzosi (pale valvu za kutoa moshi zinapokalia), injini za umri huu zilizoea petroli yenye madini ya risasi, na petroli hio huku kwetu iliondoka tangu 2006, bila risasi siti laini zinaliwa haraka ukibeba mzigo.

Vitu vidogo vya chuma kama vishikio, mabano na bolti kubwa usiviue kwa grinda. Chukua pipa la plastiki, tia maji na magadi yale ya dukani, vijiko vichache tu kwa kila lita, ning'iniza nondo kuukuu pembeni, chukua chaja ya betri ya volti 12, hasi iende kwenye kipuri, chanya kwenye nondo, na visigusane. Utaona mapovu madogo yanapanda na kutu inalegea inakuwa matope meusi ambayo brashi tu inayatoa. Mapovu hayo ni gesi inayoshika moto kwa hivo fanya uwanjani, zima chaja kabla hujatia mkono, na usitumie steinlesi badala ya nondo manake inatoa sumu kwenye maji. Alumini usitie kabisa, magadi yanaiyeyusha. Ukitoa kipuri suuza, kausha, pasha mafuta au praima hapo hapo, kwa hewa yetu kutu mpya inarudi kabla hujamaliza kunywa chai.

Breki usipulizie vumbi kwa kompresa, bitana za breki za zamani zina asbesto, vumbi lake ni sumu kwa mapafu, lowesha kwanza. Na kabla ya yote haya tafuta kadi ya gari (logbuku), linganisha namba ya chesisi na mambo ya mirathi ya ami yako yakae sawa na ndugu zako, manake nimeona lori likipona afu familia ikagawanyika.

SWALI: Fundi, mimi napiga pancha Mambrui. Nimeletewa tairi za lori la jeshi la kizamani, rimu ina duara mbili za nati, za duara moja kama zilipakwa rangi nyekundu kwa mbali. Nifungue zipi?

JIBU: Kaka usifungue kitu tairi ikiwa na upepo! Hio ni rimu ya vipande viwili, nati zile nyekundu ndo zinazoshikanisha nusu mbili za rimu, na jeshi la Uingereza lilizipaka nyekundu makusudi kumuonya fundi asiziguse kukiwa na hewa ndani. Ukizilegeza na upepo umo rimu inapasuka na kuruka kwa nguvu ya kuua mtu, sio maneno ya kutishana. Kutoa gurudumu kwenye gari unafungua zile nyingine zinazoshika habu. Kutoa tairi kwenye rimu, toa kwanza valvu koa yenyewe (kile kisindano cha ndani ya valvu) mpaka hewa yote iishe, chomeka waya kwenye valvu uhakikishe haijaziba kwa kutu au matope, hapo ndo uguse nyekundu. Wakati wa kujaza weka ndani ya kizimba cha chuma au ufunge minyororo, tumia hozi ndefu na usimame pembeni usawa wa kashata ya tairi (ule uso wenye meno), kamwe usiinamie rimu. Na rimu yenye ufa au iliyoliwa kutu kwenye matundu ya nati irudishe kwa mwenyewe, mwambie hukubali, hata akiongeza hela.

SWALI: Assalam alaykum. Nyumbani tuna picha ya marehemu babu amesimama mbele ya lori la jeshi, alikuwa dereva KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Baba alikuwa akisema picha ni ya vita vya Uhabeshi 1941. Pua ya lori ni fupi sana na kioo cha mbele kimelala kinyume, juu kimetokeza mbele kuliko chini. Sasa kuna kebini kama hio hio imebaki shambani kwa jamaa zetu ng'ambo ya mto Sabaki, kebini na ekseli ya mbele tu. Ni gari gani, na kuna maana kuokoa kipande? (Dada wa Shella, Malindi)

JIBU: Waalaykum salam dada, swali lako limenikesha. Hilo ni lori la Kanada, yale yaliyotengenezwa na Ford na Chevrolet kwa mchoro mmoja kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake, yalitoka zaidi ya 400,000. Kioo kimelazwa vile ili jua likipiga mwanga urudi chini ardhini usimulike juu ukaonekana na ndege ya adui. Na ndege zilikuwa tishio kweli, Malindi yetu hii ilipigwa mabomu na Waitaliano Oktoba 1940.

Lakini sasa sikiliza. Kebini yenye kioo cha kulala kinyume ni ile namba 13, na hio ilianza kutoka viwandani mwisho wa 1941. Vita vya Uhabeshi vilienda mbio, Kismayu ilichukuliwa Februari 14, 1941 na Addis Ababa Aprili 6 mwaka huo huo. Malori ya Kanada yaliyokuwepo wakati ule yalikuwa na kebini za mwanzo zenye kioo kilichosimama wima. Kwa hivo babu anaweza kuwa alikwenda Uhabeshi kama baba alivosema, ila picha hii ni ya baadae. Askari wa KAR walipelekwa Madagascar 1942, afu Burma, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw 1944. Tazama nyuma ya picha kama kuna muhuri wa studio, na uwaulize wazee kama kuna nishani imebaki sandukuni, zile za umbo la nyota zina jina limeandikwa katikati, Africa Star au Burma Star, utajua alifika wapi.

Na kebini iokoeni, tafadhali sana. Kipande kama hicho ndo kinachokosekana kwa mtu mwenye chesisi na injini, na hata kikibaki peke yake kina habari. Msikipige mchanga wa presha wala grinda. Tafuteni kibati cha namba ndani kwenye dashibodi, kipigeni picha kabla ya kukisafisha. Afu kwenye mlango chagueni sehemu ndogo upana wa kiganja, msugue kwa msasa laini wa maji, taratibu, tabaka moja moja: mtaona rangi ya shamba, chini yake pengine kijani, chini yake rangi ya mchanga, na mkibahatika namba nyeupe za jeshi zinaanza kujitokeza. Vaeni barakoa na kazi iwe ya maji maji, rangi za enzi hizo zina madini ya risasi. Kama mtapata na injini, silinda nane za V ni Ford, sita kwenye mstari mmoja ni Chevrolet. Kwa sasa inueni ile kebini kutoka ardhini, iwekeni juu ya matofali na paa la makuti juu yake, hilo tu kwanza.

SWALI: Niko Watamu, nimepata Land Rover Series III iliyokuwa ya jeshi. Bodi ni alumini kwa hivo kutu sina wasiwasi. Nataka nikate paa na niweke injini ya Kijapani nibebe watalii. Unaonaje?

JIBU: Wasiwasi uwe nao. Chesisi ya hio gari ni chuma, na ni boksi, inaoza kwa ndani. Na alumini ikigusana na chuma kukiwa na maji ya chumvi inayoliwa ni alumini, utaona unga mweupe pale bolti na mabano yalipo, kwa hivo kila panapokutana weka raba au praima nzito. Injini ukibadilisha sikulaumu, biashara ni biashara, ila ile ya zamani usiiuze, ipake oili uihifadhi, na mabadiliko uyaandikishe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwenye logbuku. Paa usikate. La jeshi la turubai linafungwa kwa bolti, la bati pia linafunguka kwa spana, watalii watapata upepo wao na gari itabaki nzima.

SWALI: Nimemaliza Bedford yangu, niko Mokowe. Naweza kuipaka rangi ya jeshi na alama zake kama ilivokuwa?

JIBU: Hongera sana. Ila kwa barabara ya Garsen mpaka Lamu na vizuizi vyake mimi ningekushauri usifanye, lori la raia lenye sura ya jeshi linaweza kukuletea matatizo makubwa wewe na abiria wako. Chukua kijivu au bluu, andikisha rangi hio kwenye logbuku, na ile rangi ya asili acha kipande bila kupaka ndani ya mlango au chini ya siti, piga picha zake na uandike ulikuta wapi.