Maswali na Majibu ya Historia: Chuo, Chama na Orodha ya Majina

Tangu nilipogusia historia ya wapenzi wa jinsia moja katika vyuo vikuu vya Marekani, barua zimenifikia kutoka Nzega hadi Ujiji. Nimechagua tano. Nyingi kati ya zilizobaki ni matusi, na tusi halina jibu.

Msomaji wa Urambo: Mambo haya yote si yalianzia Stonewall?

Hapana, na hii ni mara ya tatu ninaulizwa. Ghasia za Stonewall, baa ya wapenzi wa jinsia moja iliyovamiwa na polisi mjini New York, zilizuka Juni 1969, ilhali Chuo Kikuu cha Columbia, kilichomo katika jiji hilohilo, kilikuwa kimekwisha kukisajili chama cha wanafunzi wapenzi wa jinsia moja Aprili 1967.

Msomaji wa Kasulu: Chuo kilikubalije?

Kwa shida, na shida yenyewe ilikuwa karatasi. Chuo kilidai orodha ya wanachama, na mwanzilishi, aliyejulikana kwa jina la kubuni la Stephen Donaldson, hakuwa tayari kuyatoa majina ya wenzake. Ndipo alipowaomba viongozi mashuhuri wa wanafunzi wajiandikishe kwa jina tu, na orodha hiyo ndiyo iliyofika ofisini. Wapo watakaouita udanganyifu. Mimi nauita busara, kwa kuwa karani anayepokea majina leo hajui jalada lake litafunguliwa na nani kesho.

Msomaji wa Tabora mjini: Mwalimu, wasomi wazima waliogopa orodha kwa nini?

Kwa sababu ya mambo kama yaliyotokea Chuo Kikuu cha Harvard. Mei 1920 mwanafunzi mmoja wa huko alijiua, na kaka yake, alipoziona barua zilizogusia mapenzi ya jinsia moja alizoandikiwa marehemu na rafiki zake, akaupelekea uongozi habari hizo. Chuo kikaunda baraza la siri la maofisa watano, ambalo liliwaita vijana mmoja mmoja na kuwahoji juu ya mambo yao ya faragha na juu ya wenzao, hata jina moja likazaa jingine. Wanafunzi wanane walifukuzwa, wakaamriwa kuuhama na mji wenyewe wa Cambridge. Hata baada ya hapo, ofisi iliyowatafutia wahitimu kazi iliagizwa isiseme neno la kuwadhamini kabla ya kuuliza kwa mkuu. Na yeyote aliyewahi kuzungushwa na masijala kwa ajili ya barua ya utambulisho anaelewa uzito wa agizo hilo. Jambo hilo lilibaki siri hadi 2002, gazeti la wanafunzi, Harvard Crimson, lilipolifichua kutoka katika majalada yenye kurasa zipatazo 500.

Msomaji wa Nzega: Kifungo chetu cha miaka 30 kwa mapenzi ya jinsia moja kimetokana na mila ipi?

Hakikutoka kwa Wanyamwezi wala kwa Waha. Kosa hilo liliingizwa na Waingereza katika kanuni ya adhabu ya kikoloni, na kiwango hicho cha chini tulikiweka wenyewe mwaka 1998.

Msomaji wa Kigoma: Naambatanisha majina ya wanachuo sita ninaowashuku, uyachapishe. Pia, Chuo Kikuu cha Cornell kilifuata mwaka gani kupata chama kama cha Columbia?

Karatasi yako, iliyochanwa kutoka katika daftari la hesabu na kukunjwa mara nne, niliitia katika jiko la mkaa kabla sijalifikia jina la tatu. Uliuliza habari za Columbia, nawe ukaandika kama baraza la Harvard. Kumbuka kwamba hapa kwetu shuku iliyochapwa yaweza kumfikisha mtu polisi kabla hajaulizwa lolote. Atakayeniletea nyingine, moto ni uleule. Cornell ilikuwa 1968.