Hakuna kiasi cha bangi kinachoruhusiwa Kenya: ninayowaeleza wazazi mahakamani Kisumu

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi katika baraza za mahakama hapa Kisumu ni hili: mtu anaruhusiwa kuwa na bangi kiasi gani kabla hajavunja sheria? Haruhusiwi kiasi chochote. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, si wakili, na kazi yangu hasa ni kuwaeleza wazazi na vijana mambo yatakavyokwenda kabla mshtakiwa hajaitwa kizimbani. Wengi hufika wakiamini kwamba msokoto mmoja au miwili ya kuvuta mwenyewe si hatia. Ni hatia, tena ya jinai.

Imani hiyo haikuota yenyewe. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kutumia bangi faraghani, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ikatiwa saini mwaka wa 2024, nao vijana wetu wameyapata hayo kwenye simu zao bila kuangalia ni nchi gani inayozungumziwa. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilibatilisha sheria ya nchi hiyo ya dawa za kulevya kwa kuwa bunge liliipitisha bila kutimiza akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa. Wenye jamaa upande wa pili wa mpaka wa Busia walilisikia hilo, lakini wachache walisikia kwamba bunge lilitunga sheria nyingine muda mfupi baadaye. Hapa Kenya, pendekezo la kuhalalisha bangi lililotolewa mwaka wa 2018 na marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, halikuwahi kuwa sheria.

Sheria inayotuhusu ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka wa 1994, na kifungu cha kusoma kwanza ni cha 3. Zamani, aliyeiridhisha mahakama kwamba bangi aliyopatikana nayo ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu alikabiliwa na kifungo cha miaka 10. Marekebisho ya mwaka wa 2022 yameishusha adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Wanaosema kwamba serikali imeiachilia bangi wanayasoma marekebisho hayo kombo, kwa sababu kilichopunguzwa ni adhabu, na kosa limebaki palepale. Tena maneno "aliyeiridhisha mahakama" yana uzito wake: ni mshtakiwa anayepaswa kuonyesha kwamba bangi ilikuwa ya kutumia mwenyewe, na hakuna idadi ya misokoto iliyoandikwa ambayo chini yake atasadikiwa bila kuulizwa. Namna ilivyofungwa, pesa zilizokuwa mfukoni, mizani iliyokutwa chumbani, vyote huweza kumgeuza mvutaji kuwa mlanguzi machoni pa upande wa mashtaka, na ulanguzi una adhabu ya miaka mingi sana gerezani na faini ya mamilioni. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba hati ya mashtaka ya ulanguzi lazima iseme mshtakiwa alifanya nini hasa: alikuwa akiuza, akisafirisha au akihifadhi. Kwa hiyo hati hiyo isomwe neno kwa neno.

Jambo ambalo wazazi hulipuuza ni maana ya kupatikana na kitu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, si lazima bangi iwe mfukoni mwako; ukijua kwamba iko mahali fulani kwa ajili yako au kwa ajili ya mwingine, au mwenzako akiwa nayo kwa kujua au kuridhia kwako, nawe unahesabiwa kuwa nayo. Wanafunzi wanaoishi wawili wawili katika vyumba vya kupanga karibu na Maseno au Njoro huingia matatani kwa njia hii. Mwanaboda anayebeba kifurushi asichokijua ana utetezi, ila atauhitaji mbele ya hakimu, jambo ambalo si raha. Kuvuta ni kosa la peke yake chini ya kifungu cha 5 cha ile sheria ya dawa za kulevya, na kifungu hichohicho humgusa anayekutwa bila sababu ya maana katika nyumba inayojulikana kwa uvutaji, pamoja na mwenye nyumba aliyeruhusu.

Mtoto akikamatwa Ijumaa jioni, msishangae kuambiwa mfike kortini Jumatatu. Ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha siku isiyo ya kazi, huongezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ibara hiyohiyo inampa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Dhamana ya pesa inayolipwa kituoni ina risiti. Pesa zisizo na risiti ni kitu kingine, na jina lake mnalijua.

Siku ya kujibu mashtaka ndiyo inayoharibu kesi nyingi. Nilimwona kijana mmoja aliyesema "ni kweli" haraka haraka, kwa sababu wenzake wa seli walimwambia kwamba ukikiri unatozwa faini ndogo na kwenda nyumbani. Kiongozi wa mashtaka akaanza kusoma maelezo: misokoto mitano, mfuko wa ndani wa koti. Hakimu akamuuliza kama maelezo hayo ni ya kweli, na karani akamtafsiria kwa Kijaluo. Kijana akasema koti lilikuwa la ndugu yake. Hapo hapo hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana, na kesi ikapangiwa tarehe ya kusikizwa, ambapo upande wa mashtaka ungehitaji kuonyesha, pamoja na mengine, ripoti ya mkemia wa serikali inayothibitisha kwamba majani yale ni bangi. Asingalisema neno lile la koti, angeondoka na hatia.

Hatia yenyewe hudumu kuliko faini. Kijana analipa elfu kumi, mama anashukuru, baadaye anatafuta kazi ya ulinzi au ya Ughaibuni na kuambiwa alete cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi. Alama za vidole zikipitishwa, hukumu ile ipo. Ndiyo maana huwasihi wazazi wasimshinikize mtoto akiri ili wapate kuwahi matatu ya kurudi nyumbani. Anayekiri hubaki na nafasi ya kukata rufaa juu ya adhabu tu, na rufaa yoyote ya jinai kutoka kwa hakimu huwasilishwa ndani ya siku 14.

Asiye na pesa za wakili aulizie huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Na mvutaji aliyeshindwa kuacha apige 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo haitozwi chochote.