Ripoti inasema tunadaiwa siku 140, halafu imetupa alama A. Tuamini lipi?

Swali: Habari za kazi, kaka. Tupo watatu, tunatunza mfumo wa SACCOS ulioandikwa kwa PHP na Laravel tangu 2016. Msimbo una mistari kama 60,000, na walioanza nao wote wameshaondoka. Juzi tuliupitisha kwenye SonarQube, zana ya kuchambua ubora wa msimbo. Ikatoa maonyo zaidi ya 4,000 ya utunzaji, ikasema tuna deni la siku 140, kisha ikatupa alama A. Bosi kaona yale maonyo, anataka yafike sifuri kabla ya mwaka kuisha. Mimi naona tutauharibu mfumo unaofanya kazi. Je, ripoti hizi zinaaminika? Tuanzie wapi? Na kuna haja ya kulipia toleo la juu? — Msomaji, Mwanza

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Wasiwasi wako una msingi. Naanza na hizo namba mbili, maana ndizo zitakazokusaidia ukikaa na bosi.

Siku 140 hakuna aliyezipima. Kila kanuni ndani ya SonarQube imepewa makadirio ya dakika za kurekebisha kosa moja la aina yake. Zana inahesabu makosa, inajumlisha dakika, inagawa kwa siku ya kazi ya saa nane, basi. Alama A nayo inatokana na uwiano: deni linagawanywa kwa gharama ya kuandika msimbo wote, na gharama hiyo, usipoibadilisha kwenye mipangilio, ni dakika 30 kwa kila mstari. Piga hesabu kwa mistari yako 60,000: dakika 1,800,000, sawa na saa 30,000, sawa na siku 3,750. Deni lako halifiki asilimia 4 ya hapo, na A hutolewa hadi asilimia 5. Ungeweza kudaiwa siku 187 na bado ukabaki na A. Kwa hiyo hazipingani. Ni kipimo kimoja kilichosemwa kwa njia mbili. Na zote mbili haziwezi kukujibu swali linalokuumiza: wiki ijayo bosi akisema badilisheni riba, ni sehemu gani ya mfumo itawatoa jasho?

Kabla ya lolote, angalia zana ilisoma nini. Mifumo ya umri huo mara nyingi ina maktaba za JavaScript zilizonakiliwa moja kwa moja kwenye folda ya `public`, faili zilizobanwa, na msimbo uliozalishwa na mashine. Hakikisha vyote hivyo, pamoja na `vendor` (folda ya maktaba za nje), vimeondolewa kwa `sonar.exclusions`, kisha upime upya. Usishangae idadi ya maonyo ikishuka sana bila mtu kugusa mstari hata mmoja.

Sasa, kinachobaki kinaaminika? Kwa yale ambayo zana inaweza kuyahesabu, ndiyo. Inasoma msimbo bila kuuendesha, inahesabu, na katika kuhesabu haichoki wala haina upendeleo. Ila ujue kila kipimo kinahesabu nini. Kile cha zamani, Cyclomatic Complexity, kilipendekezwa na Thomas McCabe mwaka 1976: idadi ya njia huru ndani ya fanksheni, ambayo kwa kawaida ni idadi ya maamuzi jumlisha moja. Yeye alipendekeza kikomo cha 10, na mpaka leo PHPMD, zana ya bure ya kukagua msimbo wa PHP, inaanza kulalamika hapo hapo. Kipimo hiki ni kizuri lakini kina upofu wake. Fanksheni yenye `switch` ya hali kumi na mbili za mkopo inapata alama mbaya ingawa mtoto wa chuo anaisoma bila shida. Na hii hapa chini inapata 4 tu:

```php
if ($mkopo->aina === 'dharura') {
    if ($mwanachama->hisa > 0) {
        if ($siku > 30) {
            $adhabu = $salio * 0.05;
        }
    }
}
```

Ukiigeuza iwe na masharti matatu yaliyopangwa moja chini ya lingine, kila moja likitoka mapema kwa `return` pale lisipotimia, kipimo cha McCabe kinabaki 4 vilevile. Lakini wewe msomaji umepumzika: huna tena haja ya kubeba masharti mawili kichwani ukifika kwenye la tatu. Ndiyo maana SonarQube ina kipimo kingine, Cognitive Complexity, kinachojaribu kukadiria mzigo wa kichwani. Hicho kinatoza zaidi kila unapozama ndani: msimbo wa juu unapata 1 + 2 + 3, yaani 6, na ule uliopangwa unapata 3. `switch` nzima inatozwa mara moja tu. Kikomo chake cha kawaida ni 15. Kwa kazi yenu, kama mnachagua namba moja ya kuitazama kwa kila fanksheni, chagueni hiyo.

PHPMD ina kipimo cha tatu, NPath, ambacho watu wanakidharau, nacho ndicho kinachonipa hofu zaidi kwenye mifumo ya fedha: idadi ya njia zote zinazowezekana kutoka mwanzo wa fanksheni hadi mwisho. Chukua fanksheni yenye `if` kumi zinazofuatana, zisizotegemeana. McCabe atakupa 11. Njia kamili ni 2 kwa kipeo cha 10, yaani 1,024. Hakuna aliyezijaribu zote, na mwanachama mmoja mwenye mkopo wa elimu, aliyechelewa siku moja, aliyeongeza hisa katikati ya mwezi, atapita kwenye njia ambayo hamjawahi kuiona. Kipimo hiki kikisoma maelfu kwenye fanksheni inayogusa hela, hilo onyo msilipite.

Tuje kwenye pa kuanzia. Maonyo 4,000 hayana uzito sawa, na kinachoyatofautisha hakimo ndani ya msimbo. Kimo kwenye historia yake. Fanksheni mbaya ambayo haijaguswa tangu 2017 na inafanya kazi haiwagharimu chochote leo. Fanksheni ya wastani mnayoifungua kila wiki inawala kila wiki. Mwandishi wa vitabu vya programu Adam Tornhill ameueleza sana mtindo huu wa kuzioanisha hizo mbili, na kuanza hamhitaji zana mpya. Git, inayotunza historia ya msimbo wenu, inatosha:

```
git log --since="12 months ago" --format= --name-only -- app | grep . | sort | uniq -c | sort -rn | head -20
```

Hapo unapata faili ishirini zilizobadilishwa mara nyingi zaidi kwa mwaka mmoja. Ziweke kando ya orodha ya faili zenye ugumu mkubwa kwenye SonarQube. Zitakazoonekana kwenye orodha zote mbili zitakuwa chache, na majina yake hayatawashangaza: ile ya marejesho, ile inayopokea taarifa za malipo ya simu, ile ya kufunga mwezi. Hapo ndipo deni lenu la kweli lilipo. Kazi ya mwaka huu ni hizo faili chache, siyo zile 4,000.

Historia hiyohiyo inaonyesha jambo ambalo SonarQube haiwezi kuliona kabisa: faili mbili zisizoitana popote kwenye msimbo lakini kila mara zinabadilishwa pamoja. Mkikuta ya riba na ya ripoti ya bodi zinatembea pamoja namna hiyo, kanuni moja ya biashara imeandikwa sehemu mbili. Siku atakayekuja mgeni akabadilisha moja, ripoti ya bodi itaongopa, na hakuna onyo litakalowaka.

Hilo linanipeleka kwenye msimbo ulionakiliwa, maana kwa mfumo wa SACCOS naupa uzito wa pekee. Hesabu ya riba ya mkopo wa dharura, wa elimu na wa maendeleo mara nyingi huanza kwa mtu kunakili faili moja mara tatu. Zana kama jscpd inatafuta vipande vinavyofanana, na usipoibadilisha inaanzia vipande vya tokeni 50 (maneno na ishara za msimbo). Nakala safi itaikamata. Lakini nakala safi ndiyo yenye madhara madogo. Yenye madhara ni ile iliyoguswa kidogo baadaye: huku wamegawa kwa siku 365, kule 360, huku riba inakatwa kwenye salio linalobaki, kule kwenye mkopo wote wa mwanzo. Hapo zana inaona misimbo miwili tofauti na inanyamaza. Kwa hiyo jscpd ikikuonyesha kipande kilichofanana kwa mistari ishirini kisha kikakatika, fungua faili zote mbili usome kuanzia pale kufanana kulipoishia. Halafu muulize afisa mikopo ipi ndiyo sahihi. Usijiamulie mwenyewe, kwa sababu inawezekana tofauti ile imo kwenye sera ya mikopo na ni halali kabisa.

Zana pia haijui majina yanayodanganya. PHPMD italalamika jina likiwa fupi mno. Fanksheni iitwayo `pataMwanachama` ambayo njiani inaandika kwenye kanzidata itapita salama. Hilo linakamatwa na mtu anayesoma kazi ya mwenzake, na ninyi watatu msiache kusomeana kwa sababu eti zana imepitisha.

Kabla hamjavunja fanksheni yoyote katika zile chache, ifungeni kwa majaribio. Na msianze kwa kuandika mfumo *unavyotakiwa* kufanya, maana kwa msimbo uliorithiwa hamna uhakika wa hilo. Rekodini unavyofanya sasa. Chukueni mikopo halisi ya miezi kadhaa, muondoe majina na namba za simu (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata kwenye kompyuta ya majaribio), muipitishe kwenye fanksheni ya zamani, mhifadhi majibu. Kila mkigusa, linganisheni mpaka senti ya mwisho. Ikitokea tofauti, simameni. Na mkigundua hesabu ya zamani ndiyo ilikuwa na kosa, lirekebisheni siku nyingine, kwa badiliko linalojitegemea, na mhasibu akijua. Kupanga msimbo na kubadilisha majibu yake visichanganywe kamwe kwenye badiliko moja.

Wasiwasi wako kuhusu sifuri ni wa kweli, na bosi anapaswa kuusikia. Timu ikipewa namba ya kushusha, itaishusha. Fanksheni ya mistari 200 itakatwa kuwa `hesabu1`, `hesabu2` na `hesabu3` zinazopasiana vigeuzi tisa, ugumu kwenye ripoti utashuka, na msomaji atapata taabu kuliko mwanzo. Mwingine ataweka `// NOSONAR` mwisho wa mstari na onyo litapotea. Maelfu ya mabadiliko ya haraka kwenye mfumo wa fedha usio na majaribio ni njia ya uhakika ya kuharibu hesabu za watu.

Mpelekee pendekezo lingine: maonyo ya zamani yagandishwe, mapya yazuiwe mlangoni. PHPMD na PHPStan zote zinaweza hilo. Ukiendesha `vendor/bin/phpmd app text phpmd.xml --generate-baseline`, makosa yote yaliyopo leo yanaandikwa kwenye faili na hayatapigiwa kelele tena. Kosa jipya ndilo litakalozuia kazi isiunganishwe. PHPStan ina `--generate-baseline` yake. Yenyewe inakagua zaidi aina za data kuliko mpangilio wa msimbo, lakini kwa PHP ya 2016 isiyotaja aina popote, ni msaada mkubwa wa kutunza. Kila mkimaliza faili moja kati ya zile chache, iondoeni kwenye orodha iliyogandishwa. Bosi anayetaka namba ya kufuatilia mpe hiyo: orodha inafupika kila mwezi, na hakuna kipya kinachoingia.

Akiuliza kwa nini kuzuia mlangoni kuna nguvu kuliko kufagia yote kwa mpigo, kuna ushahidi. Wahandisi wa Facebook waliandika mwaka 2019 kuhusu zana yao ya uchambuzi iitwayo Infer. Walipowapa wenzao orodha ya makosa iliyotengenezwa pembeni, karibu hakuna aliyerekebisha. Walipoitoa taarifa ileile wakati mtu anawasilisha badiliko lake, zaidi ya asilimia 70 zilirekebishwa. Zana ni ileile na usahihi wake ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mhusika bado alikuwa na kazi ile kichwani. Infer inatafuta hitilafu hasa, siyo ugumu wa kutunza, lakini mwanadamu anayepokea onyo ni yuleyule.

Na anzeni na kanuni chache. Ugumu wa fanksheni, msimbo usiotumika, vipande vilivyonakiliwa: hizo tatu zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Mambo ya nafasi na mabano yaachieni Laravel Pint iyarekebishe yenyewe, yasije yakawaondoa watu kwenye maonyo yenye maana. Kanuni ambayo wote watatu mnaiona haina faida, izimeni wazi kwenye faili ya mipangilio na muandike sababu.

Kuhusu kulipia: bado. Toleo la bure la SonarQube mnalolisakinisha wenyewe linachambua PHP vizuri, ila halichambui matawi (branches) wala maombi ya kuunganisha (pull requests). Hiyo ni ya toleo la kulipia. Kwa watu watatu, PHPMD, PHPStan na jscpd zikiendeshwa na GitHub Actions au GitLab kwa kila badiliko zinafanya kazi ya mlangoni bila gharama ya leseni, na SonarQube ya bure mnaiacha ichambue tawi kuu kila usiku. Hiyo hela, kama ipo, ombeni itumike kulipia siku chache za afisa mikopo mwenye uzoefu akae nanyi mpitie ile faili ya marejesho sharti kwa sharti.