Ile noti ya mfuko wa shati

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama yako goti lake ni lilelile, na habari ya hospitali hataki kuisikia.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Unasema umeweka kwenye simu programu ya kutafakari, kuna sauti ya mwanamke inakwambia ufumbe macho, uvute pumzi, uyaachilie yaliyopita, na wewe kila ukifumba macho unamwona Bibi. Kisha ukaniuliza: "Baba, wewe unakaa na tasbihi kuanzia alfajiri mpaka jua linachomoza, na umetulia. Ya kwako uliyasahau vipi?"

Kwanza, nani kakwambia nimesahau?

Kukaa nakaa, hilo kweli. Nikishatoa salamu sinyanyuki. Astaghfirullah tatu, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33, halafu naendelea na istighfari, kumwomba Mungu msamaha, mpaka jogoo wa jirani achoke. Wala siilaumu programu yako. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijitenga pangoni Hira kabla hajateremshiwa hata aya moja. Lakini hiyo sauti inasema "achilia", na sisi chuoni, kwenye chuo cha Kurani, tulifundishwa kwamba majuto ni toba. Ukiyaachilia kabla hayajakufanyia kazi, umeachilia nini?

Nakupa la kwangu. Nusu yake unaijua.

Mwaka 1987 ami yako Saidi alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Nyumbani kwetu alikuwa wa kwanza. Mimi niliishia la saba. Barua ya shule ilitaka ada, shuka mbili, blanketi, ndoo, jembe na sanduku la bati. Bibi yako akauza doti tatu za khanga ambazo hata kuzivaa hajazivaa, zisitoshe. Jioni moja Saidi akanifuata hapahapa barabara ya 11. Akasimama mlangoni, hakuingia. "Kaka, imebaki kidogo tu." Mimi wakati ule nilikuwa nahesabu magunia bandarini, na siku hiyo ndiyo nimetoka kupokea mshahara. Nikamwambia, "Sina, mdogo wangu. Mwezi huu mbaya." Akasema haya, akaondoka.

Wiki ileile nikanunua baiskeli. Ndiyo, hiyohiyo. Phoenix uliyojifunzia wewe, ukaangukia mtaroni ukapata hilo kovu la kidevuni.

Shule haikumsubiri. Saidi akashuka Kigombe kuvua na mjomba, na huko yuko hadi leo.

Miaka 22 jawabu nilikuwa nalo tayari: nilikuwa kijana, kazi ilikuwa mbali, kila mtu alikuwa na shida zake. Yote kweli. Ramadhani ya 2009 nikaingia itikafu, kukaa msikitini usiku na mchana kwa ibada, kumi la mwisho. Nilipata mahali pazuri, nguzoni, feni inanipata. Usiku taa zinazimwa, wazee wanakoroma, mimi na tasbihi yangu. Nikianza tu kuhesabu, inakuja noti. Si uso wa Saidi, si mlango, noti. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikawa nazidisha istighfari kama mtu anayeongeza sauti ya redio asisikie mtoto analia.

Nikamwambia imamu. Akauliza, "Mwenyewe yu hai?" Nikasema yu hai. "Sasa hapa unamwambia nani?"

Asubuhi nikakunja mkeka. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba niliivunja itikafu kwa upuuzi, na kuivunja kweli niliivunja. Nikapanda gari la Pangani, nikashuka Kigombe.

Nikamkuta chini ya mkungu, wavu kaunasa kwenye kidole gumba cha mguu, kauvuta, anaziba matundu. Hakuinuka, maana angeinuka ungelegea. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mpaka bei ya baiskeli. Sindano inaingia, inatoka. Nilipomaliza akasema, "Ile noti niliiona, Kaka. Lile shati lako lilikuwa jepesi."

Miaka 22, Zuhura. Aliiona, na kila Idi alikuwa akija kunipa mkono.

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Basi nilipe." Nikadhani utani. Akanyoosha kiganja. Nikatoa kila kilichokuwemo mfukoni, akahesabu taratibu, akanirudishia nauli ya kurudi Tanga, kamili, isiyozidi hata shilingi. Iliyobaki akaifunga kwenye pindo la kikoi. Kisha akaniambia nimshikie wavu upande wa pili. Tukakaa hapo mpaka adhuhuri. Neno "nimekusamehe" sikulisikia, na sijalisikia bado. Noti nayo inakuja vilevile kila alfajiri, ila siku hizi inakuja pamoja na kile kidole gumba cha mguu, na mimi naendelea kuhesabu.

Ndiyo maana nasema, na mama yako amechoka kunisikia: haki ya mtu haifuatwi kwa tasbihi, inafuatwa kwa miguu. Hata Imam Ghazali, yule mwanazuoni mkubwa wa zamani, alipoondoka Baghdad mwaka 1095 akaenda Damascus kujifungia kutwa kwenye mnara wa msikiti, aligawa mali yake kwanza, akabakiza ya kulisha watoto. Ndipo akakaa. (Ingawa watu aliwaaga kwamba anakwenda Makka, na nia yake ilikuwa Sham, ndiko huko Damascus. Kumbe hata wakubwa.)

Utaniambia: Bibi amekufa, Baba, nimfuate wapi kwa miguu? Hapo nakwama. Nimelifikiria alfajiri tatu. Neno langu linamfaa mwenye ndugu Kigombe. Wewe una kaburi. Huenda yule mwanamke wa kwenye simu ndiye anayekufaa, uvute pumzi, umwombee Bibi, basi. Lakini mbona hutulii? Ungekuwa umetulia usingeniuliza.

Unachotaka hasa nakijua. Unataka nikwambie kama ulikosea kuahirisha ile ndege wiki mbili. Sisemi. Mkataba ni mkataba, na siku ya mtu kufa haijulikani. Mimi mwenyewe nilikwambia kwenye simu kwamba Bibi anakula vizuri, na alikuwa anakula vizuri. Ila kila asubuhi alikuwa akiniuliza leo tarehe ngapi, na ukishamwambia anahesabu kwa vidole… Haya. Nimesema sisemi.

Chuoni tulifundishwa pia kwamba mzazi akishakufa, katika wema unaobaki ni kumwombea na kuwakirimu marafiki zake. Na kabla sijasahau: Bi Mwanakombo, shoga yake Bibi, bado yupo pale barazani kwake. Juzi kaniita nikipita. Anadai Bibi alimwahidi halua ya Maskati: "Zuhura akija analeta, tutagawana." Nikamwambia nitamnunulia halua hapahapa Tanga, ipo nzuri. Akanitazama kama nimemtukana.

Ukija Shaabani ilete mwenyewe, mkononi, usimpe mtu. Chukua ya zafarani, isiyo na lozi. Meno hana tena.

Baba yako.