Roketi na dawa za presha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani hapa kwetu, kijiji cha Mukuku. Watu walimiminika kuitazama. Zahanati yetu siku hizo haikuwa na dawa za presha. Kweli si dhambi kuchoma fedha kwa roketi huko juu na huku watu wanaumwa?
Muuguzi, Makueni

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwaka 1970 mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimuuliza hivyohivyo Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani: mabilioni ya dola ya safari ya sayari ya Mirihi ya nini, na watoto wanakufa njaa?

Stuhlinger alimjibu kwa kisa cha tajiri wa Ujerumani aliyewasaidia sana maskini, lakini pia akamtunza fundi mmoja wa kusaga vioo. Wenyeji wakanung'unika: tauni inatumaliza, huyu anachezea vioo! Baadaye vioo hivyo vikazaa hadubini, na wewe muuguzi unajua hadubini imeokoa wangapi.

Kisa kitamu, ila mimi kinanikwama kooni. Mali ilikuwa ya tajiri, aitumie apendavyo. Roketi za NASA ni kodi ya watu. Tena Stuhlinger mwenyewe alitoka kundi la von Braun, mhandisi wa roketi wa Ujerumani ya Hitler, lililobuni V-2, kombora la vita lililoundwa na wafungwa waliokufa kwa maelfu. Basi ahadi ya kwamba faida itakuja baadaye, mwache aitoe mwingine.

Hata hivyo, hoja ya "njaa kwanza" nayo haisimami. Julai 1969, mkesha wa kurushwa kwa Apollo 11, chombo kilichowafikisha watu mwezini mara ya kwanza, mchungaji Ralph Abernathy, mpigania haki za Wamarekani weusi, alifika uwanja wa roketi Florida na familia maskini na nyumbu wao. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, akamwambia kama kutobonyeza kitufe cha kurushia roketi kungeondoa umaskini, wasingekibonyeza. Namwamini. Dawa zako hazikumezwa na roketi. Waliozimeza wako karibu zaidi.

Kumpeleka mtu Mirihi kwa sasa naona ni fahari ya wakubwa. Kuitazama dunia kutoka juu ni jambo jingine. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, ilibeba kamera ya kupiga picha za ardhi, mashamba yakiwemo. Mbunge wenu akija, mbane hapo: picha hizo zinamfikia afisa gani wa kilimo Makueni, na mkulima anaambiwa nini?