Maswali na majibu: Zile alama 97 za GTA V

Tangu nigusie Grand Theft Auto V (GTA V), ile gemu ya video ya wahalifu, katika safu hii, barua zimemiminika. Nimechagua tano.

Kaka, habari za kazi. Kila ninayemuuliza ananiambia GTA V ilipata 97. Nani aliketi akaisahihisha kama mtihani? (Msomaji, Tanga)

Njema, ndugu yangu. Hakuna msahihishaji. Kuna tovuti ya Marekani, Metacritic, inayookota tahakiki za magazeti na tovuti mbalimbali, inageuza kila moja kuwa alama kwa mia, kisha inatafuta wastani. Tena wastani wenyewe si ule tuliofundishwa shuleni: baadhi ya vyombo hupewa uzito kuliko vingine, na mizani hiyo haianikwi hadharani. Gemu ilitoka tarehe 17 Septemba 2013 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, ikapata 97. Kaka yake, GTA IV ya 2008, ana 98. Sasa niambie wewe uliyecheza zote mbili, ile ya zamani inaizidi mpya kwa lipi? Ndiyo maana mimi namba hizi nazitazama tu, nikitaka kujua jambo nasoma maneno.

Wahakiki walipenda nini hasa? (Msomaji, Nakuru)

Mji kwanza. Los Santos ni Los Angeles iliyobadilishwa jina, na unatembea utakako, kutoka ufukweni hadi jangwani. Halafu wahusika watatu, Michael, Franklin na Trevor, unaowahama na kuwarudia. Wakati unamwendesha mwingine, Trevor naye ana mambo yake: ukimrudia unaweza kumkuta kilimani, kavaa gauni, na wala hajishangai. Pia ule wizi mkubwa unaoupanga mwenyewe kabla ya kuingia.

Nimesikia kuna sehemu ya kumtesa mtu. Wahakiki waliifumbia macho wakatoa mia? (Msomaji, Dodoma)

Hawakuifumbia macho. Wengi waliilalamikia, na wakatoa alama za juu vilevile.

Sehemu yenyewe iko hivi. Mtu amefungwa kwenye kiti. Maafisa wa usalama wanataka habari, Trevor ndiye mtesaji, na vifaa viko mezani: koleo, spana, nyaya za umeme, maji. Chaguo ni lako. Ukichukua koleo, jino halitoki lenyewe. Unazungusha kijiti cha padi, kile kidude cha kuchezea unachoshika mkononi, kwa kidole chako mpaka ling'oke. Moyo wake ukisimama, unampiga sindano azinduke muendelee. Na huwezi kuiruka misheni kwa kupenda tu. Upande wa pili wa mji Michael yuko na bunduki ya shabaha, anangoja kuambiwa amuue nani, na anachopata ni vijisifa: ana ndevu, anavuta sigara kwa mkono wa kushoto. Kwa hayo mtu anauawa.

Kinachouma zaidi, yule aliyefungwa alikuwa tayari kusema tangu mwanzo. Baadaye Trevor anampeleka uwanja wa ndege, na njiani anahubiri kwamba mateso hayaleti habari yoyote ya maana. Waliotetea walisema hiyo ni kejeli kwa serikali ya Marekani. Freedom from Torture, shirika la Uingereza linalohudumia walioteswa, lililaani waziwazi. Mimi niko na shirika. Hotuba ya Trevor ni nzuri, lakini imekuja baada ya kidole changu kumaliza kazi.

Mdogo wangu anasema kuna mwanamke aliipa 9 akatukanwa. Tisa kwa kumi nayo ni dharau? (Msomaji, Mombasa)

Mdogo wako hajakosea. Ni Carolyn Petit, aliyekuwa mhakiki wa GameSpot, tovuti ya habari za gemu. Aliisifu sana, ila akaandika kwamba gemu inawadhalilisha wanawake. Basi! Matusi yakamwagika, na zaidi ya watu 20,000 wakatia saini afukuzwe kazi, kwa gemu ambayo tahakiki yake ilitangulia kutoka kabla haijaingia madukani. Nami namuunga mkono: wanaume watatu wana hadithi ndefu, wanawake wengi wamewekwa wachekwe. Kwa macho yangu tahakiki yake ndiyo iliyonifaa, maana ilinieleza nitakutana na nini.

Mwanangu ana miaka 11, anaicheza kibandani baada ya shule. Nimwache? (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Hapana. Marekani imewekewa umri wa miaka 17, Ulaya 18. Soma jibu la tatu hapo juu kisha uende kuzungumza na mwenye kibanda.

Nyongeza ya yule wa Tanga: kwa hiyo 97 ni halali hadi leo?

Ya kile walichokicheza, sawa. GTA Online, sehemu yake ya kucheza na wengine mtandaoni, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, wiki mbili baada ya alama kutolewa, na siku za mwanzo seva zilizidiwa, watu wakabaki mlangoni. Hiyo ndiyo inayokesha na vijana wetu sasa, na haimo kabisa ndani ya ile 97.